Gari la Nyuma Liko Wapi?

Ukitoka Nairobi asubuhi, ukashika barabara ya A3 pale Thika, ukapita Matuu na Mwingi, magari mawili yanayofuatana hayana haja ya kusemezana sana. Lami ni nzuri, simu zinashika mtandao na vituo vya mafuta haviko mbali. Madereva wetu walipeana miadi moja tu: chai Mwingi. Njiani walipigiana simu mara moja, yule wa mbele akitaka kujua kama wa nyuma amekumbuka kununua maji. Nikaandika kwenye daftari: hapa kuachana si habari.

Nilikuwa naandika kwa kusudi. Nimesafiri kwenye barabara nyingine mbili ndefu za Kenya, ile ya Mombasa kwenda Malaba na ile ya Isiolo kwenda Moyale, na safari hii nilitaka kuona watu wa Garissa na Wajir wanatafutanaje wanapopotezana.

Barabara ya Mombasa ina lugha yake. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto, linakwambia pita; likiwasha ya kulia, kaa hapo ulipo. Lori likiharibika, tanboi hukata matawi na kuyalaza kwenye lami, hatua nyingi nyuma ya gari, na kila dereva anajua kinachomngoja baada ya kona. Ni lugha ya watu wasiojuana. Haikuambii mwenzako yuko wapi, ila inakuepusha kumgonga.

Madogo na daraja

Baada ya Ukasi na Bangale nchi inalala tambarare, na joto linaingia garini kama mgeni asiyebisha hodi. Kabla ya kuvuka Tana uko Madogo, kaunti ya Tana River. Ukivuka daraja uko Garissa. Sehemu ya Kona Punda, upande huu wa Madogo, ndiyo iliyozama katika mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na tena ya 2024. Mabasi yalikwama, abiria wakavushwa kwa boti, na Aprili 2024 boti moja ikapinduka na watu. Hata ukiwa na simu nzuri namna gani, mto ukiamua kukata barabara utamngoja mwenzako ng'ambo.

Kwenye kizuizi cha ukaguzi cha darajani, vitambulisho vilikaguliwa kimoja kimoja. Gari letu liliruhusiwa, la pili likabaki likipekuliwa. Dereva wetu, mzee wa Garissa, hakwenda mbali. Aliegesha mahali ambapo wenzetu wangemwona mara tu wakivuka, akakaa na injini imezimwa.

Kabla ya jua

Alfajiri iliyofuata, mzee alimwita dereva wa pili kando ya magari.

"Kijana, usile vumbi langu. Kaa nyuma mpaka uone njia. Usiponiona, usijali. Njia ikigawanyika nitakungoja hapo, sitaondoka mpaka nikuone."

"Na nikipata pancha, mzee?"

"Simama hapo hapo. Usipande kichuguu kutafuta mtandao. Nikifika Modogashe, nikakaa nusu saa hujatokea, narudi."

Hapo ndipo nilipoelewa tatizo la magari mawili katika nchi hii. Kwenye lami unaweza kumfuata mwenzako kwa karibu. Kwenye barabara ya vumbi, wa nyuma lazima abaki nyuma sana, la sivyo haoni kitu. Ajali ya kugongana inaepukwa kwa kuachana, na kuachana ndiko kunakoleta haja ya mawasiliano. Isitoshe, lami ikiisha njia hazibaki moja. Malori yamefungua njia za pembeni kukwepa matope ya mwaka jana, na ukishika ya kushoto wakati mwenzako ameshika ya kulia, mtapishana bila kuonana.

Redio na simu

Wapo wanaolitatua tatizo hilo kwa redio. Ukienda Dadaab, ambako kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, utayaona magari ya mashirika yakifuatana kwa msafara na polisi wa eskoti. Msafara wenyewe si jambo geni: tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960 magari ya kaskazini yamezoea kuongozana na askari, na baada ya abiria 28 kuuawa kwenye basi karibu na Mandera mnamo Novemba 2014, hakuna anayeuona kuwa anasa.

Mengi ya magari ya mashirika yana redio mbili. Ya VHF ni ya kuongea ndani ya msafara. Mawimbi yake huenda moja kwa moja, kwa hiyo hufika kilomita chache tu, zaidi kidogo kukiwa wazi. Ya HF, nyingi zikiwa za kampuni ya Codan ya Australia, ina antena ndefu inayosimama kwenye bampa la mbele na kuyumba kila shimo. Mawimbi yake hupanda angani, yakarudishwa chini na tabaka la juu la hewa, hivyo gari lililo porini linaweza kuongea na Nairobi. Mchana hutumika masafa ya juu, usiku ya chini, na mwenye kusikiliza lazima azoee mlio wa kukwaruza.

Ila kilichonivutia zaidi ni chumba cha redio. Mhudumu hukaa na ratiba, na gari huita kwa saa iliyopangwa: tumefika mahali fulani, watu wangapi, tunaendelea. Saa ikipita bila gari kuita, mhudumu hajiulizi kama awe na wasiwasi. Ratiba imeshamwambia la kufanya.

Linganisha na simu. Minara kadhaa ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera imewahi kubomolewa na Al-Shabaab, na kati ya mji na mji kuna pengo refu lisilo na mtandao. Dada wa abiria mwenzangu alikuwa akimpigia tangu asubuhi na kuambiwa kuwa mteja hapatikani kwa sasa. Kwa kuwa hawakuwa wamepeana saa, kila jibu lilimtia hofu upya. Tulipopata mtandao, alikuwa ameshawaamsha jamaa wa miji miwili.

Modogashe hadi Habaswein

Modogashe gari la pili lilifika kabla nusu saa haijaisha. Baada ya kuondoka hapo halikuonekana nyuma yetu. Mzee aliegesha penye njia panda, akatoa thamosi.

Hatukuwa tumemaliza kikombe pikapu ya miraa ilipotokea nyuma kwa kasi yake inayojulikana. Dereva alipunguza mwendo, akatoa kichwa nje, akamwita mzee kwa heshima ya Kisomali.

"Adeer, wenzenu wako pale laga, kwenye mto mkavu, wanafunga tairi. Wamesema usirudi."

Akaenda zake. Hakuna aliyemlipa wala aliyemwomba jina. Mzee alisema kila gari hapa hubeba habari za lililo nyuma yake na kuzipa lililo mbele, na ukipishana na lori swali la kwanza ni lile lile: mbele kuko aje? Laga ina maji? Eskoti imepita?

Hilo likanikumbusha nilivyosimuliwa kuhusu taar, vibanda vya redio ambavyo Wasomali wa kambini na Eastleigh walivitumia miaka ya 1990 kuwatafuta ndugu zao Kismayo na Mogadishu. Jina lako liliitwa hewani, ukaenda kibandani, ukaongea huku kila mwenye redio akisikia. Siri haikuwepo. Lakini wengi wakisikia, wengi wanaweza kufikisha.

Wajir

Tukielekea Wajir, niliifikiria barabara ya Isiolo kwenda Moyale. Nayo ilikuwa hivi zamani: misafara, askari juu ya malori, watu kungojana. Lami ikaja, mtandao ukafuata, na sasa kila gari linakwenda kivyake. Huku nako lami na mtandao vinakuja. Ujenzi wa barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, unaogharimiwa kwa sehemu na Benki ya Dunia, unahusisha pia kulaza waya wa faiba. Sitalilia vumbi.

Anayepanga safari hii leo, akiwa na magari mawili, anaweza kutafuta redio za VHF, mradi apate leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Zitamfaa. Lakini kabla ya kuwasha gari, madereva wakubaliane mambo matatu: tunangojana wapi, kwa muda gani, na nani anarudi nyuma. Simu na redio zikinyamaza, makubaliano hayo hubaki. Na wa nyumbani wapewe saa pia: saa ya mwisho kabisa mnayoweza kufika, si ile mnayotamani kufika.