Wajaribu 12 wa Lunga Lunga

Nilikuwa kibarua katika ghala moja la Barabara ya Lunga Lunga, jijini Nairobi. Usiku, chumbani Mukuru kwa Njenga, niliandika programu ya simu ya kuwawekea vibarua wenzangu hesabu ya siku walizofanya kazi. Hesabu hiyo ina uzito. Kwa kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua akifanya kazi mfululizo hadi zitimie siku za mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Atathibitishaje, na daftari liko kwa msimamizi?

Kuandika hakukunishinda. Dola 25 za usajili katika duka la programu la Google nilizilipa kwa kadi ya M-Pesa. Kilichonitoa jasho ni wajaribu. Novemba 2023 Google ilianza kumtaka mwenye akaunti mpya ya binafsi apate watu 20 wa kuijaribu programu siku 14 bila kukatiza, ndipo aombe iingie dukani. Desemba 2024 wakapunguzwa, wakawa 12.

Si wengi, utasema. Basi njoo langoni saa kumi na mbili asubuhi, watu wamejipanga wakingoja kuchaguliwa, uwaombe anwani ya Gmail. Mmoja alifunguliwa akaunti na binamu yake, nenosiri halijui. Mwingine alichukua simu ya kulipia kila siku. Kazi ilipokosekana hakulipa, ikafungwa. Wa tatu alijiondoa, akafuta programu ili apate nafasi ya video za harusi ya dadake. Nikimpata wa kujaza pengo, siku zake zinaanza upya.

Wapo wanaouza wajaribu mtandaoni, na rafiki alinisihi ninunue. Nilikataa. Mtu asiyewahi kusimama kwenye lango lile angenieleza nini?

Aliyeniokoa ni mama wa chai wa pale langoni. Kabla ya kummiminia mteja, alikuwa akimuuliza: "Umeshaandika siku yako?" Na mzee mmoja mpakiaji akaniambia, "Kijana, umeweka siku nzima tu. Na tukirudishwa nyumbani saa nne?" Nikaongeza nusu siku. Fomu ya maombi huuliza wajaribu walisema nini na wewe ulibadilisha nini. Nilikuwa na la kuandika.

Ombi lilikubaliwa, namshukuru Mungu na watu wale.

Ndugu msomaji, kijana wa mtaani kwenu akikutumia kiungo cha programu anayoijenga, ingia, itumie, mwambie ukweli, na usijiondoe kabla ya siku 14 kwisha.