Springi za Nyuma, Kutoka Mombo Hadi Lukozi

Familia nyingi zilizotawanyika ughaibuni zina mradi mmoja wa pamoja nyumbani: kiwanja, nyumba ya wazazi, au gari. Wetu ni pikapu. Tuliinunua kwa kuchanga, sisi ndugu watatu tulioko Uingereza na Muscat, ili mdogo wetu abebe mboga za Usambara, watoto wa marehemu kaka yetu walipiwe ada, na mama asikose dawa zake. Ndani ya mwaka mmoja ujumbe ulikuja mara tatu: springi ya nyuma imekatika, tumeni hela. Ujumbe wa tatu ndio ulioleta maneno. Dada akasema gari linakodishwa kubebea mawe. Kaka mkubwa akaapa hatatuma tena hata senti. Mdogo wetu akanyamaza, na kila mtu akautafsiri ukimya wake alivyopenda. Mimi nilikuwa na likizo ya Julai, nikasema nitakwenda kulipanda hilo gari mwenyewe.

Mombo ni mji mdogo wa joto kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Ukitoka Dar es Salaam, hapo ndipo unapokunja kulia na kuanza kupanda milima. Ni kilomita zipatazo 33 za lami nyembamba hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili korongo. Kona hazihesabiki. Njiani utaona maporomoko ya Soni, na ukifika juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, utatamani koti uliloliacha Birmingham. Julai Lushoto ina ukungu, watoto wanakwenda shule na masweta, na chai haipoi mkononi kwa sababu unainywa haraka.

Lakini pikapu yetu haiishii Lushoto. Inapita Magamba hadi Lukozi, kwenye soko la kabichi, karoti na viazi, na kabla ya hapo huingia mashambani kwa njia za udongo mwekundu, zenye mawe na mitaro iliyochimbwa na mvua. Siku niliyofuatana na mdogo wangu, walipakia magunia 12 ya viazi. Gunia moja ni kilo 100, mara nyingine zaidi. Pikapu za aina yetu zimetengenezwa kubeba kama tani moja, na uzito wa dereva na abiria umo humo humo. Nikamwuliza kwa nini asipakie manane.

"Kaka, manane yanalipa mafuta tu," alinijibu. "Ada na dawa za mama zinatoka kwenye yale manne ya juu."

Hapo sikuwa na la kumwambia. Hata hivyo, mzigo peke yake haukueleza jambo moja: springi zote tatu zilikatika upande wa kushoto.

Niwaeleze kidogo jinsi mambo yalivyo huko chini. Nyuma ya pikapu nyingi hakuna springi za kuzunguka kama za gari dogo. Kuna vyuma bapa vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikiwa ndicho kikuu. Ncha ya mbele ya chuma kikuu imefungwa kwenye chesisi. Ncha ya nyuma imeshikwa na kiungo kinachobembea, kwa sababu springi ikibonyea hurefuka na lazima ipate pa kwenda. Katikati kuna bolti moja iliyopenya vyuma vyote, na kichwa chake kinakaa kwenye tundu la ekseli ili ekseli isihame. Kisha kila upande kuna bolti mbili zenye umbo la herufi U, mafundi huziita yubolti, ambazo hubana springi na ekseli viwe kitu kimoja. Shokapu ni jambo lingine kabisa. Kazi yake si kubeba mzigo, ni kutuliza mrukoruko. Ndiyo maana gari lililokaa chini nyuma haliponi kwa shokapu mpya, ingawa wengi wameuziwa dawa hiyo.

Tulilipeleka gari kwa fundi mzee pale Lushoto ambaye hakuwa amewahi kuligusa. Hakuanza na spana, alianza na maswali. Linagonga wakati gani? Mdogo wangu akasema linagonga "tok" linapoanza kuondoka, na kwenye njia iliyonyooka linaonekana kwenda upande kama kaa. Fundi akamwuliza kama vyuma vilivyokatika vipo. Vilikuwepo. Mdogo wangu alikuwa amevihifadhi vyote nyuma ya jiko la mama, akisubiri siku mmoja wetu atakapokuja kuviona.

Mzee akavipanga chini. Vyote vilikuwa vimekatika mahali pamoja: katikati, penye tundu la bolti. Akasema springi iliyobanwa vizuri ni nadra kukatikia hapo, kwa kuwa yubolti zinapakaza sehemu hiyo isipinde. Zikilegea, chuma kinapinda penye tundu lake, na tundu ndipo kilipo kidhaifu. Kisha akatoa tepu. Akapima kutoka bolti ya ncha ya mbele ya springi hadi ekseli, kulia na kushoto. Kushoto ekseli ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya sentimita moja. Alipofungua, bolti ya kati ilikuwa imekatika vipande viwili, na nyuzi za yubolti zimevutika na kulika. Mara zote tatu springi ilikuwa imebadilishwa huko nyuma, na mara zote tatu zilirudishwa yubolti zilezile. Hela zetu zilinunua chuma kipya, kikafungwa na bolti zilizochoka.

Matengenezo yalichukua siku moja. Gari lilinyanyuliwa kwa jeki, likasimamishwa juu ya magogo mazito, matairi ya mbele yakawekewa mawe. Zikaingia yubolti mpya nne, bolti mpya za kati pande zote mbili, na bushi mpya. Nati zilikazwa kidogo kidogo kwa kupokezana, ili bano liwe sawa. Fundi akamwagiza mdogo wangu arudi baada ya safari chache zenye mzigo ili zikazwe tena, kwa sababu vyuma vipya hukaa na kuacha nafasi. Yubolti zote nne ziligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya springi moja.

Nilimwuliza fundi kuhusu kuongeza vyuma viwili kila upande, kama pikapu nyingi za huko zilivyofanywa. Hakukataa, ila alitaka tujue tunachokinunua. Springi ngumu haiongezi nguvu ya ekseli, wala ya chesisi, wala ya breki. Akanionyesha fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli hadi kwenye valvu ya breki za nyuma. Kwenye pikapu zenye kifaa hicho, valvu inapima mzigo kwa kuangalia nyuma imebonyea kiasi gani, kisha inagawa nguvu ya breki. Ukiinua nyuma kwa springi ngumu bila kuirekebisha fimbo, valvu itadhani gari ni tupu na itapunguza breki za nyuma. Fikiria hilo ukiwa na magunia 12, kona ya kwanza chini ya Soni.

Kwa wenzangu mnaopokea ujumbe wa "tumeni hela", haya mnaweza kuyaomba kabla ya kutuma, na kila mwenye simu anaweza kuyatimiza. Gari likiwa tupu kwenye sakafu iliyo sawa, wapime kutoka katikati ya tairi la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili. Tofauti kubwa maana yake upande mmoja umechoka au una chuma kilichokatika. Wabonyeze kona ya nyuma kwa nguvu na kuachia. Likiendelea kudunda, au shokapu likiwa limelowa mafuta, shokapu limekwisha. Tairi lenye mabaka ya kulika linasema hivyohivyo. Mkwaruzo mkavu mara nyingi ni bushi. Mgongo wakati wa kuondoka ni yubolti au viungo vya shafti. Gari likienda upande, bolti ya kati itazamwe siku hiyohiyo. Na yeyote akiwaambia kipande cha springi kitachomelewa, kataeni: moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma, nacho kitakatika tena pembeni ya kiungo. Zaidi ya yote, ombeni picha ya kipande kilichokatika. Mahali kilipokatikia panasema mengi kuliko kikundi cha familia.

Usiku ule niliwapigia ndugu zangu kwa video, vile vyuma vitatu vikiwa mezani kwa mama na mdogo wetu ameketi kando yangu. Alieleza mwenyewe, tangu tundu hadi tepu. Tukakubaliana magunia yasizidi tisa, yapangwe kuelekea kichwa cha gari badala ya kuning'inia nyuma ya ekseli, na pengo la mapato tulizibe sisi kwa kulipa ada moja kwa moja shuleni. Haikuwa rahisi. Kaka mkubwa aliuliza hesabu ya mafuta mara mbili, akajibiwa mara mbili. Kila mwisho wa mwezi sasa inakuja picha ya tepu kwenye springi, kulia na kushoto.

Dada bado anauliza kuhusu mawe. Nimemwambia Desemba akate tiketi, apande mwenyewe kutoka Mombo, na asisahau koti.