Mtumwa wa Mchezo

Hapa Subukia wapo wazee wawezao kucheza drafti tangu adhuhuri mpaka ng'ombe warudi zizini, wala hakuna awaitaye wagonjwa. Basi kijana achezaye mchezo wa intaneti katika simu anatofautiana nao kwa lipi? Vijana wenyewe huniuliza swali hili, nalo lastahili jawabu.

Drafti ina mwisho: mmoja hushinda, jua huchwa, mwenziwe huondoka kwenda kukama. Mchezo wa intaneti haujui machweo. Daima yuko mpinzani aliye macho mahali fulani duniani, na daima tuzo imewekwa hatua moja mbele, kwa kusudi.

Shirika la Afya Duniani liliutia uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya maradhi mwaka 2019, nayo orodha ikaanza kutumika mwaka 2022. Halikuhesabu saa, na hapo naona lilitenda kwa hekima. Liliuliza kama mchezaji ameshindwa kujizuia, kama mchezo umetangulia mambo mengine ya maisha, na kama huendelea nao hata umdhurupo; tena, kwa kawaida, hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kwa kipimo hicho wachezaji wengi ni wazima, na mzazi asimwite mwanawe mgonjwa kwa sababu ya jioni moja.

Lakini namjua kijana wa bonde letu aliyeuza mbuzi wa nyanya yake apate kununua bando. Fedha ilipokwisha hakumlilia mbuzi, wala shule aliyokwisha kuiacha. Aliomba simu ya jirani.