Masikio Yanapoziba Safarini: Funzo la Kimulot

Je, msomaji, masikio yako yamewahi kuziba ghafla ukiwa garini? Ukitoka Nairobi kwenda Kimulot, katika Kaunti ya Bomet, huenda yakaziba unapoteremka Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Kisha utapita Narok na kupanda hadi kwenye mashamba ya chai, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Ajabu ni kwamba hewa nyepesi unayovuta ukitembea kati ya michai ya Kimulot inakaribiana na ile iliyo ndani ya ndege kubwa ya abiria ikiwa juu angani. Taabu kubwa huja ndege inapoteremka, tuseme kwenda Mombasa. Hewa huzidi uzito na kukisukuma ndani kiwambo cha sikio. Mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo usipofunguka, maumivu huanza.

Ufanyeje? Ndege ianzapo kuteremka, meza mate, piga miayo au tafuna chingamu. Mtoto mchanga anyonyeshwe. Aliyelala aamshwe, kwani usingizini mtu humeza mate mara chache. Masikio yakikataa kuzibuka, funga mdomo, bana pua, kisha pulizia polepole. Usitumie nguvu! Mwenye mafua makali amwone daktari kabla ya safari, kwa maana kiwambo chaweza kupasuka.

Wafundishe watoto mbinu hizi kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Siku ya kupanda ndege hawatababaika.