Namba ya Mombasa, Giaboksi ya Kisii

Nyanchwa, Kisii

Mpwa wangu mpendwa,

 

Mama yako ameniambia umenunua Impreza WRX ya gia tano, na kwamba una rafiki Mombasa aliyekushauri uweke limita ya kuondokea kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, kama alivyoweka yeye. Hakunipigia ili nikukataze. Anajua napenda magari haya na anajua nawe umeamua kushindana. Alitaka nikueleze namba hiyo inafanya nini chini ya boneti kabla hujalipa mtu aiandike kwenye kompyuta ya gari. Nami naliona ni jambo la kukuandikia, si la simu, kwa sababu nataka uwe nalo mkononi siku utakapokaa na fundi. Basi nisikilize, mama. Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na siwezi kukuandikia ovyo.

Limita ya kawaida huzuia injini isizunguke kupita uwezo wake. Limita ya kuondokea ni ya pili, iko chini ya ile, na huamka gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa. Unakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini inapanda hadi, tuseme, 4,000, halafu kompyuta inaanza kunyima cheche mara silinda hii, mara ile, na zile inazoziruhusu inazichelewesha. Petroli imeingia, hewa imeingia, lakini mwako unamalizikia kwenye ekzosi. Joto hilo na msukumo wake ndivyo vinavyozungusha turbo. Kwa hiyo gari halijasogea hata shibiri moja, na tayari turbo inasukuma hewa ambayo kwa kawaida ungeipata ukiwa umeshakwenda mita kadhaa. Ukiachia klachi, limita hiyo inajiondoa na nguvu inakuwa imeshafika.

Ile milio kama bunduki inayowafanya watu watoe simu kurekodi ni petroli inayowaka mahali isipopangiwa. Katalisti hufa kwanza. Kisha joto hulemea vali za kutolea moshi, manifoldi na mabawa ya turbo. Ndiyo maana nasema sekunde mbili au tatu, basi. Anayeshikilia limita kwenye maegesho ili watu wasikie anachoma turbo yake bila kupata hata mita moja ya mbio. Mafundi wengine hukata petroli badala ya cheche. Kelele hupungua, lakini silinda inayopata petroli nusu wakati turbo inasukuma hewa huweza kuunguza pistoni. Muulize fundi wako anakata nini, na akishindwa kukujibu, ondoka na ufunguo wako.

Sasa tuje kwenye miguu minne. Gari linalovutwa kwa miguu miwili likiondolewa kwa nguvu nyingi, tairi huteleza, na kule kuteleza kunaokoa vyuma vilivyo nyuma yake. Impreza, inayovutwa kwa yote minne, kwenye lami kavu haitelezi. Tairi zote nne zinang'ata, kwa hiyo ule mshtuko unatafuta mahali pengine pa kutokea. Ukiwa na bahati utatokea kwenye klachi, nawe utanusa harufu yake. Ukikosa bahati utatokea kwenye meno ya gia.

Najua ulikua ukisikia sifa za gari hili. Patrick Njiru alimaliza Safari Rally ya 1994 katika nafasi ya nne akiwa na Impreza. Colin McRae akashinda nayo mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000. Sifa hizo ni za haki na hakuna atakayeziondoa. Ila zilipatikana kwenye udongo na changarawe, ambako tairi hupata nafasi ya kuteleza kila mara, na magari ya McRae na Burns yalikuwa na giaboksi za mashindano. Yako ina giaboksi ya gia tano iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini. Impreza za STI zilipoanza kupewa gia sita ndipo Subaru walipoweka kitu kizito kweli. Rafiki yako ana gia ngapi? Mama yako hakuniambia, na ndilo swali la kwanza ambalo ningemuuliza.

Kuna hesabu moja nataka uishike. Nishati inayohifadhiwa ndani ya flaiwili na vyuma vinavyozunguka haiongezeki sawa na mizunguko, inaongezeka kwa mraba wake. Ukitoka 4,000 ukaenda 6,000, mshale umepanda kwa nusu tu, lakini kinachosubiri kumwagwa kwenye giaboksi kimefika mara mbili na robo. Kati ya 4,000 na hiyo 5,500 yako kuna karibu mara mbili. Mshale hauonyeshi hivyo, na giaboksi haijali mshale unaonyesha nini.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo watu wa pwani hawana sababu ya kulifikiria. Mombasa wako usawa wa bahari. Sisi Kisii tuko karibu mita 1,700 juu, na hewa ya hapa ina kama asilimia 82 ya presha ya kule. Turbo ambayo Mombasa inatosha kuizidisha hewa mara 2, hapa inabidi iizidishe karibu mara 2.4 ndipo injini ivute kiasi kilekile. Moshi unaoizungusha nao ni hafifu zaidi, kwa hiyo inachelewa kuamka. Gari linaloruka vizuri Mombasa likiletwa huku na namba ileile litaondoka, kisha litalegea kabla halijashika.

Hapo ndipo vijana wengi hupandisha mizunguko. Mwinuko unawaambia wapandishe, giaboksi inawaambia washushe, nao wanausikia mwinuko kwa sababu ndio unaoonekana kwenye saa ya mbio. Mimi nasema giaboksi ndiyo iamue. Presha iliyopungua itafute kwingine: ongeza kidogo kuchelewesha cheche, au ipe turbo sekunde moja zaidi, bila kupita zile tatu, kabla ya kuachia klachi. Turbo ya kiwandani ya WRX yako ni ndogo, inaamka mapema, karibu na 3,000. Limita za juu ni dawa ya turbo kubwa ambazo hazipumui chini ya 4,500. Wewe huna ugonjwa huo, na hutakuwa nao mpaka ubadilishe turbo, jambo ambalo nakusihi usilifanye mwaka huu.

Anza na 3,500. Ondoka mara kadhaa, ukiacha gari lipoe kila mara, na utazame mshale baada ya klachi kushika. Mshale ukianguka na injini ikasinzia, ongeza 200. Ukibaki juu huku gari halina haraka, klachi inateleza, rudi chini. Usipime kwa robo maili nzima, yaani zile mita 402, kwa sababu huko makosa ya gia ya pili na ya tatu yataficha ukweli. Pima futi 60 za kwanza, kama mita 18. Kazi yote ya limita hii iko ndani ya mita hizo. Na mguu wa kushoto ujifunze: klachi isitupwe kama kiatu cha moto, iachiwe haraka lakini uisikie inaposhika. Mguu mzuri kwenye 3,800 humwacha nyuma mguu mbaya kwenye 5,500, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kabla ya yote, chomoa kijiti cha oili. Injini hizi hula oili kimyakimya, na beringi za konrodi hazisamehe.

Mahali. Milima yetu imetunyima mita 400 zilizonyooka, na najua mawazo yanakwenda wapi: barabara ya Keroka, usiku, pale inaponyooka kidogo. Hapana, mama. Pale Keumbu wauza ndizi wanashusha mikungu kabla ya alfajiri, Probox zinarudi nyuma bila taa, na watoto wa shule wanatembea pembeni kungali giza. Sheria ya Trafiki inakataza mbio barabarani bila kibali, lakini hata isingekataza, ningekukataza mimi, na hili ni la pekee ninalokukataza. Shindana kwenye mashindano yaliyo chini ya Kenya Motor Sports Federation, barabara imefungwa, ambulansi ipo, kofia kichwani. Nauli na petroli ya kufika huko nitachangia, na usinishukuru.

Jumamosi lete gari gereji kabla hujakubaliana na mtu yeyote. Njoo na faili ya rekodi kutoka kwenye kompyuta ya gari: mizunguko, presha ya turbo, muda wa cheche na mchanganyiko wa petroli na hewa, gari likitembea kawaida tu. Tutaliinua tumwage oili ya giaboksi tuone kama kuna unga wa chuma kwenye sumaku ya plagi. Unga ukiwepo, hatutazungumzia limita tena mpaka tufungue giaboksi. Usipokuwepo, tutaandika 3,500 pamoja, nawe ndiwe utakayebonyeza.

Msalimie mama yako sana.

Mjomba wako