Cheti Kiko Ukutani, Kazi Iko Wapi?

Leo zamu ya kuandika ni yetu, sisi sita tunaokutanaga nyuma ya karakana ya kuchomelea hapa Nakivale, Uganda. Sisi wote tulitoka Kivu, kila mtu na mwaka wake. Wawili wanachomelea milango na mageti, wawili ni waashi, mmoja seremala, na mmoja ni dada yetu mkubwa, tunamuita Yaya, ambaye alikuwa anasoma ujenzi Bukavu kabla ya kukimbia.

Wengi mnatuuliza: nikitaka kujifunza kuchora kwa kompyuta nipate kazi, niingie kozi gani? Tunawajibu kwa kuwaambia yaliyotupata sisi.

Yaya ndiye alitangulia. Alishona nguo za watu mwaka mzima, akaweka hela, akaenda shule moja mjini iliyoahidi programu tano kwa miezi mitatu. Kompyuta moja, wanafunzi wanne. Mwalimu anaonyesha ukutani kwa projekta, nyinyi mnaandika kwenye daftari. Mwisho wakampa cheti kizuri, tukasherehekea na soda.

Akakipeleka kwa mkandarasi mmoja Mbarara. Yule mzee hata hakukisoma sana. Alimpa karatasi yenye vipimo vya nyumba ya vyumba vitatu, vimeandikwa kwa kalamu, akamwambia, "Kaa pale, nichoree." Yaya alijua kufungua programu na kuvuta mstari. Lakini kuweka unene wa ukuta, kuandika vipimo, kutoa karatasi kwa skeli ya 1:100, hapo alikwama. Mzee hakumtukana. Alisema tu, "Binti yangu, rudi ukishajua." Yaya alirudi nyumbani, akanyamaza wiki mbili. Cheti tulikiona ukutani kila siku, hatukujua kwamba kinamuuma.

Sasa sanduku letu la akiba likafika shilingi 1,200,000. Hela ya kusomesha watu wawili. Nani aende? Mmoja wetu akasema wazi, "Yaya ameshakula zamu yake." Kimya. Ndipo Yaya akatusimulia ya Mbarara, akamaliza hivi: "Hela msinipe. Ila msilipe mahali popote kabla hatujauliza yale ambayo mimi sikuuliza."

Tukaanza na wenye kazi, siyo wenye shule. Tulipita kwa watengeneza mageti, kwa seremala mkubwa, na kwa wakandarasi. Tukawauliza: mtu akija kwako, unataka ajue kufanya nini? Hakuna hata mmoja aliyetaja programu tano. Wa mageti walitaka mchoro wa bapa wenye vipimo sahihi, ili wajue wakate chuma wapi. Wakandarasi walitaka ramani ya sakafu, sura za nje, na mkato wa nyumba. Kumbe kazi zetu zote zilianzia sehemu moja: kuchora bapa kwa vipimo. Kwa hiyo AutoCAD, ambayo ipo tangu 1982, ilitufaa kuanzia. Revit na ArchiCAD zinajenga nyumba nzima ndani ya kompyuta, na SolidWorks ni ya vipande vya mashine. Ni nzuri, lakini zingesubiri.

Swali la pili lilikuwa la mashine. Shule ikiisha, utafanyia wapi mazoezi? AutoCAD za siku hizi zinataka kompyuta yenye ramu ya GB 8, na laptopi yetu ya kikundi ina 4. Kampuni ya Autodesk inawapa wanafunzi AutoCAD bure kwa mwaka mmoja, lakini lazima uthibitishe kwamba unasoma, na hauruhusiwi kuitumia kwa kazi ya kulipwa. Leseni ya kazi ni ghali kwetu. Ndiyo maana tuliweka LibreCAD. Ni ya bure, nyepesi, inachora bapa, na inahifadhi faili za DXF ambazo AutoCAD inafungua. Siku tukihitaji vitu vya pande tatu, kuna FreeCAD, nayo bure.

Swali la tatu lilikuwa darasa lenyewe. Tuliomba kukaa ndani mchana mmoja kabla ya kulipa. Shule moja ilikataa, tukaelewa. Nyingine ikatukaribisha: kompyuta kumi, wanafunzi kumi na wawili. Mwalimu akawapa tepu ya kupimia akasema, "Pimeni chumba hiki, mkichore, mkitoe kwenye karatasi." Yaya alitutazama tu. Hatukuhitaji kuambiwa zaidi.

Ada ilikuwa 550,000 kwa mtu, miezi minne. Tukapiga kura kwa vikaratasi, kila mtu jina moja. Yaya alipata kura tano. Ya sita ilikuwa yake mwenyewe, alimpa mchomeleaji wetu mdogo kabisa. Basi wakaenda hao wawili, kwa sharti moja: kila Jumamosi watufundishe sisi wanne tuliobaki.

Miezi minne imepita. Mdogo wetu anachora mageti kabla ya kukata, na chuma kinachotupwa kimepungua. Yaya alirudi kwa yule mzee wa Mbarara, akapewa tena karatasi ya kalamu. Safari hii hakuanza kuchora. Alijumlisha kwanza, akasema, "Mzee, vyumba vya ndani vikijumlishwa vinazidi urefu wa nje. Niruhusu nikapime." Mzee akacheka, akampa tepu. Sasa anamlipa kwa kila mchoro. Siyo ajira ya mwezi, na ramani ya kuombea kibali bado inapitia kwa msanifu aliyesajiliwa, maana kozi ya miezi minne haimfanyi mtu kuwa msanifu majengo. Lakini ni kazi.

Kwa hiyo ndugu, kabla hujatoa hela yako ya jasho, uliza: Mwenye kazi anataka nini? Kompyuta moja ni ya watu wangapi? Naweza kukaa darasani siku moja bure? Naweza kuona mchoro wa mtu aliyemaliza hapa? Nikitoka, nitafanyia mazoezi kwenye nini? Ukijibiwa kwa kuonyeshwa cheti tu, subiri kwanza.

Na kama uko karibu, Jumamosi njoo nyuma ya karakana. Beba tepu na daftari. Njoo mapema, maana laptopi ni moja, na umeme wa sola unatuachaga saa kumi na moja jioni.