Mbio za Kwenda Tabora, 1916

Katika vita vya 1914–1918 Waingereza na Wabelgiji walikuwa na adui mmoja katika Afrika ya Mashariki, naye ni Mdachi. Lakini nia zao hazikuwa moja. Mwaka 1916 Jenerali Tombeur alitoka Kongo na askari wake, akaingia Kigali mwezi wa Mei. Mwezi wa Julai Brigadia Crewe aliutwaa mji wa Mwanza kwa upande wa Waingereza. Tangu hapo majeshi mawili yakaelekea mji mmoja, yaani Tabora, palipopita reli kubwa ya Wadachi.

Ilikubaliwa kwamba wasaidiane. Tombeur hakuwa na wapagazi wa kutosha, akapewa maelfu ya watu kutoka Uganda. Hao hawatajwi sana vitabuni, wala si haki, maana pasipo vichwa vyao risasi na chakula visingefika mbele. Wengi waliuawa na kuhara damu wala si bunduki.

Hata hivyo kila jemadari alimtazama mwenziwe kwa jicho la pembeni. Crewe alicheleweshwa na shida ya vyakula, Tombeur hakumngoja. Tarehe 19 Septemba, 1916, Wabelgiji wakaingia Tabora, Jenerali Wahle akiwa amekwisha ondoka na askari wake. Waingereza hawakupendezwa. Wakataka wapewe mji, nao Wabelgiji wakasitasita, kwa kuwa walitumaini kuifanya nchi waliyoiteka kuwa rehani, ili mwishowe wapate ardhi ya Wareno kwenye mlango wa mto Kongo. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwanzoni mwa 1917 Waingereza wakakabidhiwa Tabora. Na la kuchekesha ni kwamba kabla ya mwaka kwisha waliwaomba Wabelgiji hao hao warudi vitani, nao wakautwaa mji wa Mahenge mwezi wa Oktoba.

Hesabu ilifanywa mwaka 1919, Bwana Milner na Bwana Orts walipopatana. Wabelgiji walipata Ruanda na Urundi. Sehemu kubwa iliyosalia ikawa ya Waingereza. Tena Gisaka, iliyo mashariki ya Ruanda, ilikatwa wapewe Waingereza, waliotaka kupitisha reli. Ilirudishwa baada ya miaka michache, na reli hiyo haikujengwa. Mwami Musinga, mwenye nchi, hakuulizwa neno siku ilipokatwa.